Mayai Yalirudi

Pendo mwanangu,

Usisukume mguu kwa nguvu, utazichana. Karatasi hizi nimezikunja mara nne nikazichomeka kwenye kiatu chako cha kulia kwa sababu nakujua. Begi umeshalifunga tangu juzi, hulifungui tena. Kwenye simu nikikuandikia maneno zaidi ya kumi unajibu "sawa baba" bila kusoma. Lakini kiatu lazima ukivae, huwezi kwenda Mbeya peku. Baba yako hakumaliza kidato cha pili, ila akili anayo, tena ya akiba.

Naandika nikiwa hapa gereji, saa kumi na moja jioni. Wewe umekwenda kusukwa. Nimefunga mapema, wateja wawili nimewaambia waje keshokutwa, mmoja amenuna, anune. Naandikia juu ya boneti la gari moja ambalo sikutajii sasa hivi. Madoa ya grisi utanisamehe, ndiyo sahihi yangu.

Mambo ya kufua, kula vizuri, kuchagua marafiki na kusali, mama yako amekuhutubia wiki nzima na mimi sina cha kuongeza. Wavulana wa chuo tu: uwaangalie mara mbili. Nilikuwa mmoja wao bila hata chuo.

Mimi nataka tuongee habari ya gari. Unalijua. Katika nyumba yetu likisemwa "gari" bila jina, ni lile.

Lile sikulinunua, nililifukua. Lilikuwa nyuma ya ghala la shamba moja la kahawa kule Usa, limezama kwenye migomba, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mwenye shamba alitaka kulikata auze vyuma. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, wewe hata kutambaa bado. Nikamwambia, "Mzee, nikikutengenezea trekta lako, hilo unanipa. Litatembea." Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Mwaka mmoja na nusu baadaye nikapita getini kwake nikiendesha, nikapiga honi. Hakucheka. Mafundi wa hapa Sakina wenye mashine za kompyuta waulize kama yupo aliyewahi kufufua Landrova ndefu kwa spana za kuazima. Hayupo. Nasema hivyo na hata wao wanajua.

Rangi niliichanganya mwenyewe, nikataka kijani cha jeshi, ikatoka kijani cha maharage mabichi. Mlango wa kushoto ulitoka kwenye gari lingine kabisa, ndiyo maana ilikuwa lazima uuinue kidogo ndipo ukubali kufunguka. Honi niliitoa kwenye lori lililokufa: sauti mbili, ya kwanza nene, ya pili nyembamba. Nikiibonyeza kwenye kona ya mto, bibi yako kule juu anaweka ndizi jikoni, na nikifika getini zimeiva.

Jina ulilipa wewe. Ulikuwa na miaka minne. Ulisema linakuja na kelele na mizigo kama shangazi, kwa hiyo likawa Shangazi.

Na kulikuwa na ile ahadi. Nakuandikia kwa sababu sijui kama unakumbuka kwamba mimi nakumbuka. Nilikwambia siku miguu yako ikifika kwenye klachi, utaendesha wewe, mimi nitakaa kushoto niwe abiria. Kila Jumapili kabla ya kwenda mlimani kwa bibi yako ulipanda kwenye kiti changu, ukanyoosha mguu mpaka kidole gumba kikatetemeka, nami nikachora kwa msumari alama pembeni mwa kiti, mahali goti lako lilipofikia. "Bado kiganja kizima," nakwambia. Unashuka umenuna. Ulipofika miaka minane tulikuwa tumebakiwa na vidole vinne tu.

Sasa sikia siku yenyewe. Watu wa mlimani wamekusimulia yao, mimi miaka kumi nimekusimulia yangu, na yangu ilikuwa ya uongo.

Unaijua sikukuu ya mavuno ya usharika wetu. Ibada ikiisha, vilivyoletwa madhabahuni vinatolewa nje vinanadiwa: mikungu ya ndizi, mahindi, kahawa, kuku, maziwa, mayai. Na unaijua ile desturi. Mtu ananunua jogoo kwa bei ya mbuzi, halafu anamgeukia aliyemleta anasema, "Mrudishieni mwenyewe." Kanisa limepata, mwenye jogoo anaondoka na jogoo wake, watu wanacheka, kila mtu mkubwa. Yule jirani wa bibi yako jogoo wake alinadiwa miaka minne mfululizo na kila mwaka alirudi kuwika kwake.

Mwaka ule usharika ulikuwa unatafuta bati za kanisa. Wewe ulikuwa na matubwitubwi, mashavu yote mawili yamejaa, tukakuacha kwa bibi yako. Mama yako alikuwa jikoni kwa usharika na kina mama wenzake wanapika chai ya wageni. Mimi nilileta mayai sita.

Mjomba wako Zaka ndiye alianza. Unamjua mdomo wake.

"Shemeji!" akaita mbele ya watu wote. "Honi yako tumeisikia tangu asubuhi. Watoto wamekimbia, mbuzi wamekata kamba. Haya, mzigo ulioshuka garini ni huo? Mayai sita?"

"Ya kienyeji," nikamjibu.

"Ya kienyeji! Basi kanisa litaezekwa kwa maganda."

Watu wakacheka, Pendo. Wakacheka mpaka wazee wa kanisa. Angecheka Zaka peke yake ningenyamaza, lakini yule binti wa kwaya aliyekuwa ananiheshimu kwa sababu ya gari naye alicheka, akaficha mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na nane, mzuri wa sura, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Nikasema, "Shemeji, mayai ni ya kufungulia tu. Sadaka yenyewe hii hapa." Nikatoa funguo mfukoni, nikaziweka kwenye kapu, juu ya mayai.

Mzee Anaeli, aliyekuwa ananadi, akalitazama kapu, akanitazama mimi. "Eli, unatania?"

"Nadi, mzee. Au unaogopa?"

Wewe umeshaelewa hesabu yangu, maana umerithi kichwa changu. Mtu angepandisha bei, Zaka angeona haya, mwingine angeahidi bati, halafu mnunuzi angesema "mrudishieni kijana." Mimi ningekataa mara mbili, ya tatu ningepokea nimeinamisha kichwa kama mtu wa Mungu. Ningepanda gari langu, ningepiga honi. Mpaka Krismasi mlima mzima ungekuwa unanisimulia.

Aliyenunua alikuwa mgeni. Mzee Maganga, bwana miti mstaafu kutoka Tabora, mrefu, mkimya, amejenga upande wa Momela. Usharika ulimwalika siku ile kwa sababu aliwapa miche ya kupanda kuzunguka kanisa. Bei sitaitaja. Nitakwambia tu kwamba bati zilitosha, na mabaki yakaezeka nyumba ya mwinjilisti.

Na usije ukamsema vibaya yule mzee. Aliifuata desturi yetu kama alivyoiona kwa jogoo. Alikuja mpaka niliposimama, akaninyooshea funguo kwa mikono miwili. "Kijana, shika. Mimi nimetoa kwa ajili ya bati. Gari ni yako."

Funguo zilikuwa hapa, Pendo. Umbali wa kikombe cha chai. Na mimi, kwa sauti ya kumfikia Zaka na yule binti wa kwaya, nikasema, "Mzee wangu, nilichompa Mungu sikirudii."

Vigelegele! Mtu akapiga ngoma. Nikasimama nimetoa kifua, nasubiri aniambie mara ya pili.

Unajua tulivyolelewa. Ukienda kwa watu wakikukaribisha chakula unasema nimeshiba, hata kama tumbo linapiga kelele. Mwenye nyumba anakuvuta mkono. Unasema haki ya nani nimetoka kula sasa hivi. Anakuvuta tena. Ya tatu unakaa, unakula kuliko wenye nyumba. Kukubali mara ya kwanza ni ulafi, hivyo ndivyo bibi yako alivyonifundisha kwa fimbo. Na kila mtu pale uwanjani alijua kwamba hapana yangu ilikuwa ya kwanza tu. Kila mtu isipokuwa mmoja.

Mzee Maganga akanitazama machoni, akaona mtu mzima amesema neno lake. Akasema, "Sawa. Mungu akubariki."

Akatia funguo mfukoni mwa koti.

Nikakohoa. Nikasema, "Hata hivyo, mzee..." Akasubiri. Watu wote wakasubiri. Zaka alikuwa ameacha kucheka, uso umembadilika, nadhani alikuwa anataka kunisaidia, masikini. Nikasema, "Hata hivyo lina ujanja wake wa kuliwasha. Njoo nikuonyeshe."

Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nilimfundisha mtu namna ya kuondoka na gari langu. Vuta choki ya hewa nusu, si yote. Kanyaga mafuta mara mbili, acha, hesabu mpaka tano, ndipo uguse funguo. Gia ya pili iombe kwa upole. Na ukifika kwenye kona ya mto, piga honi, maana barabara ni nyembamba. Nilimwambia hivyo. Nilitaka aone mimi ni fundi.

Akafika kwenye kona, akapiga honi.

Hapo ndipo ninapopaogopa katika habari hii yote. Bibi yako aliweka ndizi jikoni. Wewe ukatoka kitandani na kilemba chako cha matubwitubwi, ukakimbilia getini kunipokea. Gari likapita. Ukapunga mkono, ukidhani ni mimi nimepitiliza kwa utani. Na Mzee Maganga, mtu mwema, akakupungia na yeye.

Mimi nilikuja baadaye kwa miguu, mama yako mbele yangu hatua ishirini, hataki tuonekane pamoja. Mkononi nilikuwa na kapu. Mtu alinunua mayai yale akasema mrudishieni mwenyewe. Karibu na geti mama yako akageuka, akaangalia lile kapu, akasema neno moja tu kwa siku nzima ile: "Mayai yamerudi. Shangazi yuko wapi?"

Ukaniuliza hivyohivyo. "Baba, Shangazi anarudi lini?"

Nikasema, "Kesho."

Tuliporudi Sakina ulikaa kwenye lile jiwe la mlangoni jioni tatu, unasikiliza barabara ya Nairobi. Malori yote yale, mabasi yote yale, ulikuwa unayachambua kwa masikio. Jioni ya nne hukukaa. Hukuuliza tena mpaka leo. Ningekuwa na akili kama ninavyojisifu, ningejua kwamba mtoto akiacha kuuliza, si kwamba amesahau.

Na mimi nilifanya nini? Nilijimwambafai, nikatamba. Watu wakaniita Mtoaji, nikaitika. Walinisimamisha mbele ya kanisa nikatoa ushuhuda, nikasema Roho alinigusa. Hakunigusa mtu, Pendo. Alinigusa Zaka. Mtu akiniuliza mjini, nasema gari lilikuwa linakunywa mafuta sana. Siku moja nililiona Tengeru sokoni limepakia miche, limeoshwa, taa zote zinawaka, hata ile ya nyuma niliyoshindwa mimi. Nikajificha nyuma ya mikungu ya ndizi mpaka likapita. Mwenye ndizi akanambia, "Wewe kaka, unadaiwa?" Nikamwambia mimi sidaiwi na mtu. Momela si mbali. Ningeweza kupanda pikipiki siku yoyote nikamwambia mzee yule, nilikuwa nasubiri uniambie mara ya pili. Miaka kumi sikwenda. Mtoaji anakwendaje kuomba?

Sasa nisikilize vizuri, maana watu watakwambia baba yako amebadilika, ameokoka, amejishusha. Sijajishusha popote. Najuta, na najuta nikiwa nimesimama. Wapo wanaosema kumtolea Mungu kisha ukajuta ni dhambi. Waje gereji tujadili. Mchungaji akikuuliza, mwambie baba anasema bati ni zuri, halivuji, mvua ikinyesha anasikia raha kukaa chini yake, na anajuta. Yote mawili. Mimi sikumpa Mungu gari. Nilimpa Zaka jibu, Mungu akachukua bati kwa faida yake, ni mjanja kuliko mimi. Sioni kwa nini nijifanye nimefurahi. Kitu ulichokipenda ukakipoteza kwa mdomo wako mwenyewe kina haki ya kuuma, na anayetaka kiache kuniuma aniletee kwanza kingine kama kile.

Kilichonifanya niandike haya ni wewe.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunakunywa chai. Nikakwambia, "Mama, siku ya safari nitakupeleka stendi." Ukasema, "Usihangaike baba, nitapanda boda. Begi lenyewe moja."

Nikasema, "Sawa."

Neno likatoka, nikalisikia. Halikuwa langu. Ilikuwa ni ile sawa ya Mzee Maganga, nzima kama ilivyokuwa, na koti lake. Nikakutazama unakoroga chai ambayo sukari imeshayeyuka zamani, na shavu umeligeuzia dirishani. Nikaiona ile hapana yako ilipotoka. Imetoka kwangu. Nilikulea, nikakupa macho yangu, kichwa changu, mikono ya ufundi kuliko yangu, na katika mzigo huohuo nikakupakilia na huo ugonjwa: wa kusema hapana huku unasikiliza kama utaulizwa tena.

Sikulala vizuri. Jana asubuhi nikapanda basi mpaka Usa, nikachukua pikipiki, nikala vumbi mpaka Momela.

Mzee Maganga yupo, amezeeka, bado mrefu. Nilimkuta kwenye kitalu chake cha miche. Shangazi alikuwa amesimama pembeni, kijani kilekile cha maharage. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni yule kijana wa bati."

"Ndiye mimi."

"Umechelewa," akasema. "Niliiweka pale getini mwezi mzima, nikasema labda kijana ana shida, atapita aiangalie. Hukupita hata kuisalimia."

Nikamwambia yote. Jogoo, mayai, Zaka, mara ya kwanza, mara ya pili. Alinisikiliza amekunja uso kama anayesomewa lugha ya kigeni. "Ngoja," akasema. "Ulisema hapana, ukataka nisikie ndiyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbele ya kanisa?"

"Mbele ya kanisa."

"Kwetu mtu mzima akisema hapana ukamrudia, umemwita mtoto. Mimi nilikuheshimu, kijana."

"Najua. Uliniheshimu vibaya sana."

Akacheka, Pendo. Alicheka mpaka akashika bodi la gari asianguke. Nami nikacheka, ndiyo mara ya kwanza nacheka kwa jambo lile. Kisha akafuta macho akasema, "Lakini nikwambie ukweli. Siku ile ningekupa. Leo sikupi. Nimelala chini yake miaka kumi, nimeipenda. Hii nitazikwa kando yake."

"Sikuja kulichukua," nikamwambia. "Nimekuja kuliazima. Asubuhi moja tu. Nina binti."

Mkewe akatoka, akasema karibu chakula. Nikasema asante mama, nikakaa papo hapo, nikanawa. Yule mama alibaki amesimama na sufuria mkononi, alikuwa amejiandaa kunibembeleza. Nilikula makande sahani mbili. Na mzee alipotia mkono mfukoni, funguo nilizipokea kabla hajamaliza kusema "shika." Nusura nimng'oe kidole.

Kwa hiyo sasa unajua ni boneti la nani hili ninaloandikia.

Nimelificha nyuma ya lile lori bovu na kulifunika turubai. Jana ulipita hapa mara mbili ukaniuliza nina nini, mbona nacheka. Nilikuwa na hili. Leo mchana nimelikagua lote, mzee amelitunza, kuna mahali amefunga waya kwa namna ambayo hata mimi sikuwahi kuiwaza, na hilo usimwambie mtu nimekiri. Mlango wa kushoto hajaubadilisha. Honi ni ileile.

Nikafungua mlango wa dereva, nikawasha tochi ya simu pembeni mwa kiti. Alama zako zipo zote. Mzee Maganga alipaka rangi ndani, lakini pale amepazunguka kwa brashi, hakupagusa. Nilimpigia simu kumuuliza kwa nini. Akasema, "Niliona ni urefu wa mtoto. Nani anafuta urefu wa mtoto?"

Unaenda kusomea mitambo, utarudi na cheti, utaniita fundi wa mtaani, sawa tu, nitakunyang'anya spana tuone. Mimi siwezi kukufundisha watakayokufundisha huko. Nina hili moja tu nililolilipia kwa Landrova nzima, nalo hata sijui nilisemeje bila kuonekana mchungaji. Huko unakokwenda utakutana na kina Mzee Maganga wengi kuliko watu wa kwetu. Watakuuliza mara moja. Watakuwa wameuliza kweli. Basi.

Ila mimi si Mzee Maganga. Mimi ni baba yako, wa mlimani, na sina haya. Jumapili nilikuuliza mara ya kwanza ukakataa vizuri, bibi yako angekusifu. Hii hapa ni ya pili: nikupeleke stendi? Na saa kumi na moja alfajiri utasikia ya tatu nje ya dirisha, sauti nene kwanza, halafu nyembamba. Majirani wa Sakina wataamka wote, wanitukane, nimejiandaa.

Mama yako anajua. Amesema atakaa nyuma na begi, na amechemsha mayai sita ya njiani. Nimemwambia hiyo si sawa, akasema nyamaza.

Choki nusu, si yote. Mafuta mara mbili, acha, hesabu mpaka tano. Gia ya pili iombe kwa upole. Leseni unayo tangu mwezi uliopita, niliicheka picha yake, uje nayo.

Usinitafute kwenye usukani. Nitakuwa nimekaa kushoto, mlango nimeshauinua nikaufunga, funguo nimeziacha kwenye kiti chako. Miguu yako inafika.

Baba